Logi asiyelipa kitu, na mchawi ambaye hakuwahi kuwapo

Logi na Eksponenti walikwenda mkahawani. Wakala, wakanywa, wakashiba. Bili ilipoletwa, ni nani aliyelipa? Eksponenti. Kwa nini? Kwa sababu Logi ni "népérien".

Hukucheka? Usijali. Hiki ni kichekesho cha wanafunzi wa Ufaransa, na huko hakuna aliyefika kidato cha mwisho na masomo ya sayansi ambaye hajawahi kukisikia. Wafaransa huita logi ya asili, ile tunayoiandika ln, "logarithme népérien". Sasa litamke hilo neno la pili harakaharaka, kisha utamke "ne paie rien", maana yake "halipi kitu". Masikio ya Mfaransa yanasikia karibu kitu kimoja. Basi, Logi halipi kitu, na Eksponenti maskini anafungua pochi.

Nimekieleza na kwa kukieleza nimekiua, najua. Lakini tazama umehitaji nini ili ukielewe. Kwanza ilibidi ujue Kifaransa kinavyosikika, si kinavyoandikwa tu. Pili, ujue istilahi yao ya darasani, kwa sababu Mwingereza husema "logi ya asili" na hapo utani umekwisha kabla ya kuanza. Tatu, na hili ndilo linalonivutia mimi, kuna mtu amejificha ndani ya neno: John Napier, mwenye ardhi wa Merchiston karibu na Edinburgh, aliyezaliwa 1550 na kufa 1617. Kwa Kilatini jina lake liliandikwa Neperus, Wafaransa wakamfanya Néper, na kutoka hapo likapatikana "népérien". Kama jina lake lingefika Ufaransa kwa tahajia nyingine, leo Logi angekuwa analipa chakula chake kama watu wengine.

Utani wa namna hii uko kila mahali ambapo watu husoma hisabati kwa lugha yao. Wajerumani huuliza: ni kitu gani cha manjano, kimepinda, kina normi na kimekamilika? Jibu ni "Bananachraum", yaani ndizi iliyobanwa ndani ya nafasi ya Banach. (Stefan Banach alikuwa Mpolandi wa Lwów, mji ambao leo uko Ukraine. Yeye mwenyewe katika kitabu chake cha 1932, alichokichapisha kwa Kifaransa, aliziita kwa unyenyekevu nafasi za aina ya B.) Waingereza nao huuliza: ni nini cha zambarau na "commutes"? Jibu ni zabibu ya Abel, kwa sababu kwao zabibu ni "grape" na kundi ni "group". Hapo kuna tabaka mbili, maana "commute" ni kubadilisha nafasi bila jibu kubadilika, na vilevile ni kusafiri kwenda kazini na kurudi kila siku. Kwa mkaaji wa Nairobi tabaka hiyo ya pili ina uchungu wake: kutoka Rongai kwenda mjini saa kumi na mbili asubuhi na kutoka mjini kwenda Rongai saa kumi na mbili jioni si kitu kimoja, hata kama barabara ni ileile na matatu ni ileile. Kwa kifupi, matatu si ya Abel.

Haya, turudi kwa Napier, kwa sababu ndani ya kitabu chake kuna jambo ambalo waliowahi kushika kile kitabu cha majedwali sekondari hawakuambiwa. Mwaka 1614 alichapisha jedwali la kwanza la logi duniani. Zile hazikuwa logi za e. Kwake logi ilipungua kadiri namba ilivyoongezeka, na ilikuwa sifuri kwenye 10,000,000. Kwa hiyo hiyo logi inayoitwa "népérien" siyo ya Napier hasa! Isitoshe, jedwali lake halikuwa la namba 1, 2, 3. Lilikuwa jedwali la logi za sini, dakika kwa dakika ya digrii, kwa sababu waliosumbuliwa zaidi na kuzidisha namba ndefu siku zile walikuwa wataalamu wa nyota na mabaharia.

Na neno sini lenyewe ni mchezo wa maneno ambao hakuna aliyekusudia kuucheza.

Chora tao, kisha unganisha ncha zake mbili kwa mstari. Umechora upinde wa kuwindia: tao ni mti wa upinde, mstari ni upote. Wanahisabati wa India waliona picha hiyohiyo, wakaita mstari huo "jya", yaani upote. Aryabhata, katika kazi yake ya mwaka 499, alitumia nusu ya upote, na kwa mazoea ile nusu ikaachwa, likabaki "jya" peke yake, au "jiva", ambalo lina maana ileile. Elimu hiyo ilipofika Baghdad katika karne ya 8, wanazuoni hawakulitafsiri neno. Walilinukuu kwa sauti tu, likawa "jiba", neno ambalo kwa Kiarabu halina maana yoyote.

Hapa msomaji aliyewahi kuhangaika na usimbaji wa herufi atatabasamu. Kiarabu cha kawaida huandikwa kwa konsonanti, irabu fupi huachiwa msomaji azijaze kutokana na muktadha. Kilichobaki kwenye karatasi ni j-y-b. Msomaji anayeijua historia anasoma "jiba". Msomaji asiyeijua anatafuta neno halisi lenye herufi hizo, na lipo: "jayb", uwazi wa kifuani mwa vazi, mkunjo, mfuko. Data ilihifadhiwa kwa muundo unaopoteza sehemu ya habari, na programu iliyokuja kuisoma ikajaza pengo kwa neno linalopatikana zaidi kwenye kamusi. Hakuna aliyepata ujumbe wa hitilafu. Waarabu wenyewe wakalizoea kama istilahi, na hesabu zao zikaendelea kuwa sahihi hadi tarakimu ya mwisho, kwa sababu hisabati haijali jina.

Katika karne ya 12, Uhispania, watafsiri walikuwa wakihamisha vitabu vya Kiarabu kwenda Kilatini kwa kasi ya ajabu. Anayetajwa mara nyingi ni Gerard wa Cremona, aliyefanya kazi Toledo na kufa mwaka 1187, ingawa wako wengine wanaopewa sifa hiyo au lawama hiyo. Walipokuta "jayb" waliandika "sinus": mkunjo wa vazi, kifua, ghuba. Tafsiri safi kabisa, isiyo na kosa hata moja la sarufi! Upote wa upinde ukawa mfuko Baghdad, mfuko ukawa ghuba Toledo, na ghuba ndiyo iko kwenye kila kikokotoo, kitufe cha "sin".

Kwenye picha ileile ya upinde kuna kipande kingine kidogo, kutoka katikati ya upote hadi kwenye tao. Waarabu waliona kitu kimoja tu hapo, wakakiita mshale, na Kilatini nacho kikasema mshale. Lakini kilikuwa na jina jingine pia la Kilatini, "sinus versus", sini iliyogeuzwa. Shika neno hilo la kugeuza, kwa sababu ndilo linalotupeleka kwa mchawi.

Mwaka 1718 mwanahisabati wa Italia, Guido Grandi, alikuwa na mchirizo wenye umbo la kilima kimoja laini chenye mabega yanayoshuka bila kugusa chini. Ukitaka kuuchora, mlinganyo wake ni y = 8a³/(x² + 4a²). (Watu wa takwimu wataitambua sura hiyo. Ni mgawanyo wa Cauchy, ule usio na wastani na unaoharibu majaribio ya watu.) Kwa kuwa ulihusiana na sini iliyogeuzwa, Grandi aliuita kwa Kilatini "versoria", neno ambalo pia ni kamba ya kugeuzia tanga, ile ambayo mabaharia wa majahazi wa pwani yetu huiita demani. Kwa Kiitaliano akaandika "versiera".

Sasa, Kiitaliano kilikuwa tayari na "versiera" nyingine. Hiyo ni kifupi cha "avversiera", adui wa kike, mke wa shetani, jini jike la kutishia watoto. Mwitaliano akiliona neno kwenye ukurasa wa jiometri anaona kamba na anaona jini kwa pamoja, anatabasamu au hatabasamu, kisha anaendelea na hesabu. Maneno ya namna hiyo yamejaa hata kwetu. Ukisema "pembe" darasani, hakuna anayetafuta ng'ombe.

Miaka thelathini baadaye, 1748, Maria Gaetana Agnesi wa Milan alichapisha kitabu cha majuzuu mawili cha kufundishia hisabati, kuanzia aljebra hadi kalkulasi. Alikuwa na umri wa miaka 30. Aliandika kwa Kiitaliano, si Kilatini, ili vijana wa kwao wasome bila ukalimani, na kilikuwa kitabu kizuri kiasi kwamba Papa Benedikto wa 14 alimteua mwaka 1750 kuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Bologna. Hakwenda. Aliacha hisabati baada ya baba yake kufa, akatumia miaka iliyobaki kuwahudumia maskini na wanawake wagonjwa wa Milan, na akafa mwaka 1799 akiwa hana mali. Mchirizo wa Grandi ulikuwa mmoja kati ya mifano mingi ya kitabu chake. Aliuita kama alivyoukuta: versiera.

Huko Cambridge, Uingereza, John Colson, aliyekuwa amekalia kiti kilekile cha uprofesa alichowahi kukalia Newton, alisikia habari za kitabu hicho. Hakujua Kiitaliano. Basi akajifunza, na alikuwa tayari mzee, kwa lengo moja tu la kukitafsiri ili vijana wa Uingereza wakisome. Mimi hapo humvulia kofia. Alimaliza kazi, akafa mwaka 1760 bila kuiona ikichapishwa. Ilitoka mwaka 1801 ikisimamiwa na John Hellins, na ndani yake mchirizo wa Agnesi umeitwa "witch". Mchawi.

Unaweza kumwona mzee wa watu mezani. Sarufi ameishika, kamusi anayo, hesabu anazielewa kuliko watu wengi wa nchi yake. Anafika kwenye "versiera". Kamusi inamwambia: jini jike. Hana habari kwamba Grandi aliwahi kuandika "versoria", wala hana mtu wa Milan wa kumwuliza hilo neno linasemwaje huko wakati mtu anazungumzia sini. Mwitaliano aliona pande mbili za neno, Colson aliona moja, na ndiyo hiyo iliyosafiri. Wahispania leo nao husema "bruja", mchawi wa kike, ilhali Waitaliano bado wana versiera yao.

Matokeo yake ni kwamba mwanamke aliyeandika kitabu chote hicho, mwanafunzi wa Kiingereza hukutana naye mara moja tu maishani, kwenye maneno matatu: mchawi wa Agnesi. Nimewahi kusikia mtu akieleza kwa uhakika kamili kwamba Agnesi alishtakiwa kwa uchawi kwa kuwa alijua hesabu. Hakuna kitu kama hicho. Neno lililokosewa limezaa hadithi ya kulieleza, kama kawaida ya maneno.

Usidhani ni mambo ya karne zile. Yeyote aliyewahi kusaidia kutafsiri programu kwa Kiswahili anajua jinsi kazi inavyoletwa: faili ndefu, neno moja kila mstari, bila picha ya skrini, bila kuambiwa neno linakaa wapi. Mstari wa 412 umeandikwa "Sign". Ni saini ya kuingia kwenye akaunti? Ni ishara ya kujumlisha na kutoa? Ni alama ya barabarani? Mstari unaofuata una "Table", na huwezi kujua kama ni meza au jedwali. Mtafsiri aliyeanza Jumamosi asubuhi akafika mstari wa 412 usiku ataandika chochote. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulikuwa wa kazi ya aina hii, na nikikumbuka safari ya j-y-b kutoka Baghdad hadi Toledo ninawaheshimu zaidi wote waliowahi kuifanya.

Na hapa kwetu Kenya "sine" na "sign" darasani hutamkwa vilevile, "sain". Kwa hiyo mtoto anayeambiwa atafute "sain" ya 30 na anayeambiwa atie saini kwenye fomu anasikia neno moja. Utani uko tayari, umeiva, lakini sijawahi kumsikia mtu akiuchuma. Nadhani sababu ni kwamba mchezo wa maneno hauchezwi na istilahi uliyoisoma jana. Lazima neno liwe limechakaa mdomoni. Mfaransa amesema "népérien" mara mia kabla ya kusikia "halipi kitu" ndani yake. Sisi hisabati yetu tumeifanya kwa Kiingereza tangu utotoni, na kwa Kiingereza hicho tunacheka ya Waingereza: zabibu yao, na siku yao ya pai, 14 Machi, ambayo inategemea kuandika mwezi kabla ya tarehe kama Wamarekani. Kwetu tarehe hiyo ni 14/3, na haina pai yoyote ndani yake. Ajabu ni kwamba ule utani wa waundaji programu wa 31 Okt = 25 Des unavuka salama. 31 ya oktali ni 25 ya desimali, na vifupisho vya Oktoba na Desemba vinakubali hata kwa Kiswahili. Tatizo ni kwamba nusu ya watu utakaowasimulia hawana habari na sikukuu ya Marekani ya 31 Oktoba, kwa hiyo watakuuliza inachekesha wapi.

Tanzania watoto hufanya hesabu za shule ya msingi kwa Kiswahili, na ukifungua vitabu vyao utakuta hazina. Namba zisizogawanyika kwa mbili ni witiri, neno lilelile la swala ya usiku inayofungwa kwa rakaa za witiri, moja au tatu au tano. Mtoto wa Lamu au Unguja analijua neno hilo kutoka msikitini kabla ya kulikuta ubaoni. Namba zinazogawanyika kwa mbili ni shufwa, jozi. Sifuri ni "sifr" ya Kiarabu, tupu, iliyotufikia kwa njia fupi wakati Wazungu waliizungusha hadi ikawa maneno mawili tofauti, namba na msimbo wa siri. Logi iko pua na mdomo na kuloga, na baada ya yaliyompata Agnesi nadhani hilo lingefaa kuachwa lilale.

Halafu kuna namba tasa: 2, 3, 5, 7, 11. Lugha za Ulaya huziita za kwanza. Kiswahili kimeziita tasa kwa kuwa hazina vigawo ila moja na zenyewe, kama mtu asiye na mtoto. Ni picha kali, na mwanafunzi haisahau. Ndani yake umo utani bora wa hisabati ninaoujua kwa Kiswahili, nao haufasiriki kwa lugha yoyote: shufwa zote zina watoto isipokuwa jozi ya kwanza, 2, ambayo ni tasa.

Niliwahi kuutoa mbele ya wenzangu kazini, wakacheka. Sijautoa nyumbani. Tasa ni neno ambalo wanawake wengi wameitwa na mawifi na majirani, na wakati mwingine lilifuatwa na lile jingine, mchawi. Ana shangazi yangu mmoja alifundisha hesabu darasa la sita kwa miaka mingi na hakujaaliwa mtoto. Yeye ubaoni aliandika "prime", hata alipokuwa akieleza kwa Kiswahili.